Shajara ya mradi: Kumhamisha Tasi, paka wa Lamu, hadi Hamburg

Shajara hii inaeleza kazi ya kumtoa paka wa kawaida wa Lamu, asiye na nasaba wala karatasi, na kumfikisha Ujerumani kihalali pamoja na wenyewe. Nimeiandika kila hatua ilipokamilika, gharama zikiwamo, ili mwenye safari kama yetu aweze kuifuata. Watu wa pwani wanaohamia Ulaya ni wengi siku hizi, na paka wao hubaki vichochoroni kwa kuwa wameambiwa haiwezekani. Inawezekana. Ila inataka kuanza mapema, na anayetoka kisiwani hukutana na vikwazo ambavyo mtu wa Nairobi havijui. Masharti ninayoyataja ni ya Umoja wa Ulaya kama yalivyokuwa mwaka 2025. Anayekwenda Uingereza, Uarabuni au Marekani asome ya huko.

12 Januari 2025: Kuamua, na kusoma masharti

Mume wangu amepata kazi Hamburg na ataondoka mwezi ujao. Mimi na binti yetu tutamfuata visa zikitoka. Tasi ni paka jike wa miaka minne, wa kijivu mwenye milia, mwembamba, miguu mirefu, masikio makubwa, kama walivyo paka wengi wa mtaa wetu wa Mkomani. Alizaliwa kwenye daka la nyumba ya mama yangu, na tangu hapo ni wa nyumba hii. Tulifikiria kumwacha kwa mama, lakini mama alisema wazi: "Mwanangu, magoti hayanipi tena kupanda darini kumtafuta. Kama ni wenu, nendeni naye." Likaisha hapo.

Kiini cha sheria ni hiki. Ulaya imehangaika miaka mingi kukiondoa kichaa cha mbwa na haitaki kirudi kupitia mnyama wa abiria. Nchi za nje zimegawanywa mafungu. Ziko zilizomo kwenye orodha yao, kama Mauritius na Falme za Kiarabu, ambako paka akiwa na chipu ya utambulisho, chanjo na cheti yatosha. Na ziko zisizomo, Kenya ikiwa mojawapo, ambako paka lazima pia apimwe damu ili ithibitike kwamba chanjo imeshika. Kenya imejiwekea lengo la kumaliza vifo vya watu vinavyotokana na kichaa cha mbwa ifikapo 2030, lakini kwa sasa ugonjwa bado upo, na sharti hilo siwezi kulilaumu.

Kwa paka wa Kenya, basi, mfuatano ni huu: chipu kwanza. Halafu chanjo ya kichaa cha mbwa, paka akiwa ametimiza wiki 12. Halafu zipite siku zisizopungua 30. Halafu damu itolewe na ipimwe kwenye maabara iliyoidhinishwa na Umoja wa Ulaya. Halafu ipite miezi 3 kuanzia siku damu ilipotolewa, wala si siku majibu yalipokuja. Cheti cha afya ndicho cha mwisho. Ukiruka mbele na kurudi nyuma, hesabu yote inaanza upya.

Kuna jambo moja ambalo familia zinazohama kwa mafungu zisipolijua litawafunga. Mnyama anatakiwa asafiri na mwenyewe, au ndani ya siku 5 kabla au baada ya safari ya mwenyewe. Ikizidi hapo anahesabiwa kuwa mnyama wa biashara, na masharti yanabadilika. Mume wangu anatangulia kwa miezi kadhaa. Kwa hiyo tumeamua kwamba kwenye kila karatasi, kuanzia kadi ya chanjo, mwenye paka ni mimi.

25 Januari: Chipu na chanjo

Limefanyika leo, kwa saa moja tu. Daktari wa mifugo alikuja na chipu kutoka Mombasa, kwani hapa Lamu haikuwapo tulipouliza. Ni kitu kidogo chenye ukubwa wa punje ya mchele, kinaingizwa kwa sindano chini ya ngozi katikati ya mabega. Hakikisha ni cha viwango vya ISO 11784 na 11785, chenye namba ya tarakimu 15, ili kifaa cha kusomea cha huko uendako kikitambue. Baada ya kukiweka, daktari alikisoma kwanza, ndipo akachanja.

Tasi alikuwa amechanjwa kichaa cha mbwa mwaka jana, na kadi tunayo. Haikusaidia kitu. Chanjo iliyotangulia chipu haihesabiki, kwa sababu hakuna kinachothibitisha kwamba aliyechanjwa ni paka huyuhuyu.

Chipu huja na vibandiko vya namba. Omba vyote. Kimoja kibandikwe kwenye kadi ya chanjo, vingine viwekwe kwa ajili ya fomu ya maabara na cheti. Namba ya tarakimu 15 ikiandikwa kwa mkono, 1 hugeuka 7 machoni mwa mtu mwingine.

Gharama: chipu shilingi 4,000, chanjo 1,500.

27 Februari: Damu imetolewa, hapa hapa Lamu

Siku 30 zimepita na ziada kidogo. Tumetoa damu nyumbani, kwenye mshipa wa shingo, Tasi akiwa amefungwa ndani ya leso, yaani kanga, na kuachwa kichwa tu. Aliguna, hakukwaruza. Damu imewekwa kwenye kichupa kisicho na dawa ya kuzuia kuganda, ikapakiwa kwenye kikasha cha barafu, ikaondoka na ndege ya mchana kutoka uwanja wa kisiwa cha Manda kwenda Nairobi. Huko kuna kliniki inayokusanya sampuli na kuzituma maabara ya Ujerumani.

Gharama: daktari 3,000, usafirishaji 1,800.

6 Machi: Sampuli imekataliwa

Kliniki ya Nairobi imepiga simu. Seramu imefika nyekundu. Hawataituma, kwa sababu maabara itaikataa na sisi tutakuwa tumelipa bure.

Nimeongea na daktari wao kwa kirefu, na alikuwa na subira ya kunieleza. Damu ikiachwa itulie kwenye kichupa, huganda chini na juu hubaki maji ya rangi ya manjano hafifu. Hayo ndiyo seramu, na humo ndimo zilimo kingamwili, ile kinga ambayo mwili huitengeneza baada ya chanjo. Yanatakiwa yatenganishwe na damu iliyoganda siku hiyohiyo, kwa mashine inayozungusha vichupa kwa kasi, kisha yahamishiwe kwenye kichupa kingine. Sisi tuliituma damu nzima. Ikatikisika kwenye boti, ikatikisika kwenye ndege, na upande mmoja wa kichupa ulikuwa umegusana na barafu moja kwa moja. Chembe nyekundu zikapasuka na rangi yake ikaingia kwenye seramu.

Nikamuuliza kwa nini wekundu udhuru, maadamu kingamwili zimo. Akasema kipimo chenyewe hufanywa kwa kuchanganya seramu na virusi hai vya kichaa cha mbwa, kisha kuiweka pamoja na seli zinazokuzwa maabara na kuangalia kama kingamwili zitazikinga. Seramu iliyochafuka inaweza kuziua zile seli yenyewe, na hapo hakuna anayeweza kujua kama kilichoua ni virusi au uchafu. Maelezo hayo yalinitosha.

Kilichoniuma ni hesabu ya siku. Ile miezi 3 haianzi mpaka damu nzuri itolewe.

Kwa wanaoishi visiwani, Lamu, Pate, Faza, na hata bara kule Kiunga: msitoe damu kwanza ndipo muanze kufikiria itafikaje. Mpelekeni paka kwenye mashine. Sampuli ya seramu iliyotenganishwa vizuri hustahimili safari, damu nzima haistahimili.

15 Machi: Damu ya pili, Mombasa

Tumekwenda Mombasa katikati ya Ramadhani. Boti hadi Mokowe, gati ya upande wa bara, kisha basi kupitia Witu, Garsen na Malindi, na kila kizuizi cha polisi abiria wanashuka na vitambulisho mkononi. Tasi nilimpakata kwenye mfuko wa kubebea niliokuwa nimeazima. Kondakta aliniuliza, "Bi, huyu atalia njia nzima?" Alilia mpaka Hindi, kisha akanyamaza akalala.

Mfuko ule wa kuazima ulitutia hofu kubwa. Kwenye gati ya Mokowe, watu wakisukumana kushuka, Tasi aliisukuma zipu kwa pua, ikafunguka kidogokidogo, na kichwa kikatoka. Kijana mmoja hamali aliona kabla yangu akaiziba kwa kiganja. Paka akitoroka Mokowe humpati tena. Tangu hapo kila zipu naipitishia pini kubwa ya kubana, kichwa cha zipu kwa kichwa cha zipu, na paka amevaa mkanda wa kifuani wenye kamba iliyofungwa kwenye pete ndani ya mfuko. Vyote viwili, kila wakati, hata safari ya dakika tano.

Kliniki ya Mombasa ina mashine yake. Damu imetolewa saa tatu asubuhi, ikaachwa igande, ikazungushwa, na seramu ikahamishiwa kwenye kichupa kipya. Daktari aliiinua kwenye mwanga wa dirisha ili niione. Ilikuwa rangi ya mafuta ya nazi yaliyoyeyuka, safi kabisa, haina hata ukungu wa wekundu. Ikafungwa kwa karatasi ya kufyonza ndani ya kopo la plastiki, vipande vya barafu vikatengwa nayo kwa kadibodi, na juu yake fomu yenye kibandiko cha chipu. Tarehe ya kutolewa damu imeandikwa na kupigwa muhuri. Hiyo tarehe ndiyo roho ya mradi mzima.

Tumelala kwa wifi yangu Mji wa Kale, tumefuturu huko, kesho tunarudi.

Gharama: nauli na matumizi 9,000. Daktari, usafirishaji wa seramu na maabara, kwa pamoja 38,000. Hili ndilo fungu zito kuliko yote.

14 Aprili: Majibu

Yamekuja kwa barua pepe, na nakala halisi iko njiani. Kinachotakiwa ni angalau uniti 0.5 za kingamwili kwa kila mililita ya seramu, kwa kipimo cha kimataifa. Tasi ana 2.62. Alhamdulillahi.

Mambo mawili ya kuzingatia. Kwanza, maabara iwe kwenye orodha ya Umoja wa Ulaya. Kituo cha Nancy, Ufaransa, ndicho kilichopewa jukumu la kuzipima maabara nyingine kabla hazijaidhinishwa, na orodha yenyewe iko wazi mtandaoni kwa kila mtu. Maabara nzuri isiyo kwenye orodha haina faida hapa. Pili, majibu haya hayaishi muda wake maishani mwa paka, mradi chanjo ya kurudia isichelewe hata siku moja. Ikichelewa, anarudi kwenye damu. Tarehe ya chanjo ijayo nimeiandika ukutani jikoni na kwenye simu zetu zote.

Safari haiwezi kuwa kabla ya 15 Juni.

Aprili hadi Mei: Kumzoeza mfuko

Hili sikulisoma kwenye karatasi yoyote ya serikali, lakini kwa paka wa Lamu ni kazi kubwa sawa na zile nyingine. Tasi hajawahi kufungiwa. Hutoka alfajiri watu wakienda msikitini, hupita juu ya kuta, hushuka sokoni kusubiri vichwa vya samaki, hurudi adhuhuri. Kumwambia paka wa namna hiyo akae ndani ya mfuko usiku kucha kunahitaji miezi.

Tulinunua mfuko wetu Nairobi, laini, wa kuingia chini ya kiti cha ndege. Kampuni ya ndege tuliyochagua inaruhusu paka ndani pamoja na abiria, uzito usizidi kilo 8 paka na mfuko kwa pamoja. Kwa paka wa Lamu hilo si tatizo: Tasi ana kilo 3 na kidogo.

Njia tuliyoanza nayo ilishindwa. Tulimwingiza, tukafunga, tukampa chakula ndani. Siku iliyofuata akiuona mfuko alipanda darini. Binti yangu ndiye aliyegundua njia nyingine. Aliuacha mfuko wazi kwenye baraza la ndani, ule upande wa jua la asubuhi, na akaweka ndani yake leso ya bibi yake iliyovaliwa na ambayo haijafuliwa. Hakuna aliyemgusa Tasi wala kumwita. Baada ya muda alikuwa akilala humo mwenyewe. Ndipo tukaanza kufunga zipu kwa muda mfupi, kisha kuubeba mfuko chumbani, kisha kushuka nao ngazi, kisha kwenda nao hadi ufukoni pale injini za boti zinaponguruma. Kila hatua ilipomtisha tulirudi iliyotangulia.

Choo nacho kilihitaji mafunzo. Alizoea mchanga wa nje. Tulimwekea beseni lenye mchanga wa pwani, tukachanganya kidogokidogo na mchanga wa dukani wanaouza kwa ajili ya paka, mpaka ukabaki wa dukani mtupu. Kama paka wako ni wa mitaani, usiliruke hili, maana huko mwendako atakaa ndani ya fleti.

Majirani wametupa ushauri wa kumpa Piriton au dawa ya usingizi siku ya safari. Daktari amekataa kabisa. Dawa za kutuliza hushusha shinikizo la damu na kumfanya paka ashindwe kujiweka sawa, na mashirika ya ndege hukataa mnyama aliyeleweshwa.

Kwa wale ambao paka wao atasafiri sehemu ya mizigo, kijumba lazima kiwe kigumu na kifuate vipimo vya IATA, jumuiya ya kimataifa ya mashirika ya ndege: urefu wa ndani uwe urefu wa paka kutoka puani hadi shina la mkia kujumlisha nusu ya urefu wa kutoka chini hadi kiwiko cha mguu wa mbele, upana uwe mara mbili ya upana wa mabega, na kimo kimfikie ncha ya masikio akiwa amesimama juu ya matandiko. Pimeni paka kwanza, ndipo mnunue.

Gharama: mfuko 6,500, mkanda na kamba 1,200.

20 Mei: Tiketi zipo, nafasi ya paka haipo

Visa zimetoka na tiketi zimenunuliwa na mwajiri wa mume wangu, Nairobi hadi Frankfurt moja kwa moja. Nilipopiga simu kumwongeza Tasi, nikaambiwa nafasi za wanyama ndani ya ndege ile zimejaa. Kila ndege ina idadi ndogo ya wanyama wanaoruhusiwa pamoja na abiria, na nafasi hutolewa kwa anayewahi kuomba. Tiketi ya mtu haimpi paka nafasi.

Tumelazimika kubadilisha tarehe hadi 21 Juni. Nimeomba uthibitisho wa maandishi wenye jina la paka, uzito wake na vipimo vya mfuko, na nimeuchapisha. Utaratibu unaofaa ni kuuliza nafasi ya paka kwanza, ishikwe, ndipo tiketi zilipwe.

Tumechagua ndege isiyounganisha kwa makusudi. Ukipitia nchi ya tatu, nayo ina masharti yake ya mnyama anayepita. Na ukitua kwanza mji wowote wa Umoja wa Ulaya, ukaguzi wa karatasi hufanyika hapo unapoingilia, si unapoishia.

Gharama: kubadilisha tarehe 18,500, nafasi ya paka 14,000.

15 Juni: Lamu hadi Nairobi

Kusi imepamba moto na bahari imechafuka. Nahodha alitukalisha nyuma karibu na injini, ambako boti hairuki sana, na akamfunika Tasi kwa turubai. Ndege ya Manda ilitaka malipo ya paka na mfuko upimwe. Mama alitusindikiza mpaka gatini. Hakusema mengi, alimsomea Tasi na sisi dua, akarudi.

Tunakaa kwa ami yangu Eastleigh.

Gharama: 3,500.

18 Juni: Cheti cha afya, Kabete

Cheti hiki hutiwa saini na daktari rasmi wa serikali, na kwetu tulikipata kwenye ofisi za Kurugenzi ya Huduma za Mifugo, Kabete. Kina uhai wa siku 10 tangu kutiwa saini hadi kukaguliwa kwenye mlango wa Ulaya. Baada ya hapo hutumika miezi 4 kwa kuzunguka ndani ya Umoja wenyewe. Kwa hiyo hakiwezi kufanywa mapema. Ndiyo sababu tulikuja Nairobi siku kadhaa kabla, tuwe na nafasi ya kurekebisha kitu kikienda kombo.

Kilienda kombo. Daktari binafsi aliyemkagua Tasi alikuwa na fomu ya Kiingereza tupu. Sheria inataka cheti kiwe kwa Kiingereza na pia kwa lugha mojawapo rasmi ya nchi unayoingilia. Tunatua Frankfurt, basi ni Kijerumani. Tungetua Paris ingekuwa Kifaransa, hata kama tunaishia Hamburg. Nilikuwa nimechapisha fomu ya lugha mbili mtandaoni na nikaenda nayo. Tukaijaza upya, na muda wote wa asubuhi ukaisha hapo.

Ofisini afisa alikuwa makini na mwema. Aliusoma kila mstari, akaifananisha namba ya chipu kwenye kadi, kwenye majibu ya maabara na kwenye kifaa chake. Saini na muhuri vinatakiwa viwe vya rangi tofauti na maandishi yaliyochapishwa, kwa hiyo kama fomu ni nyeusi, kalamu iwe ya buluu. Kila ukurasa uwe na namba ya cheti. Nakala ya majibu ya damu na ya kadi ya chanjo ziambatanishwe, pamoja na tamko langu kama mwenye paka kwamba simpeleki kumuuza wala kumpa mtu mwingine.

Dawa ya minyoo ya lazima ni ya mbwa wanaoingia nchi chache tu, paka hawahusiki. Tulimpa hata hivyo, na ya viroboto pia, kwa ajili ya afya yake.

Gharama: ukaguzi, dawa na cheti, 7,000.

22 Juni: Tumefika

Jana jioni Tasi alilishwa mapema, saa kadhaa kabla ya kuondoka nyumbani, na maji akaachiwa mpaka mwisho. Ndani ya mfuko tuliweka pedi ya kufyonza, ile leso juu yake.

Uwanja wa Jomo Kenyatta, mashine ya kukagulia mizigo hupitisha mfuko mtupu. Paka hutolewa na kubebwa mkononi kupita mlango wa ukaguzi. Tulimwomba afisa chumba chenye mlango, akatupatia bila maneno. Hapo ndipo mkanda ulipolipa gharama zake. Nilimkumbatia Tasi kifuani, kamba nimeizungusha mkononi, na kucha zake zilipenya buibui mpaka begani. Moyo wake ulikuwa ukidunda chini ya vidole vyangu kwa kasi isiyohesabika. Binti yangu alisimama mbele yake akimwita kwa sauti ileile anayomwitia samaki. Afisa wa kike akatupapasa, akasema, "Mrudishe mama, pole yake," na tukamrudisha.

Ndani ya ndege alilia wakati wa kupaa na wakati wa kutua. Katikati alilala. Hakukojoa mpaka Frankfurt, ambako nilimpeleka chooni, kile cha watu wenye ulemavu kwa kuwa kina nafasi, nikabadilisha pedi.

Forodhani tulipita njia nyekundu, ya wenye kitu cha kutangaza. Mwenye mnyama kutoka nchi isiyo kwenye orodha asipite njia ya kijani hata kama hakuna anayemtazama. Afisa aliisoma chipu, akafananisha tarakimu zote, akahesabu kwa kidole kutoka 15 Machi hadi leo, akageuza kurasa za cheti na kupiga muhuri. Maswali yake yalikuwa kuhusu tarehe tu.

Kutoka Frankfurt tulipanda treni hadi Hamburg. Paka aliye ndani ya mfuko halipi nauli kwenye treni za Deutsche Bahn.

19 Julai: Mwezi wa kwanza

Tulimfungia chumba kimoja kwanza, na beseni lake, maji, mfuko wazi na leso. Alikaa chini ya kitanda, akila usiku. Kisha akaanza kutoka. Jua la hapa Juni huchelewa kuzama na alfajiri huingia mapema mno, naye bado huamka alfajiri inapoingia na kusimama mlangoni akitaka kutoka. Hilo linaniumiza, na sina dawa yake zaidi ya kucheza naye wakati huo na kumpa chakula. Tunafikiria kumtoa kwa kamba.

Jambo la hatari ambalo hatukulijua: madirisha ya Ujerumani hufunguka kwa namna mbili, na namna moja ni kulala kwa ndani upande wa juu na kuacha mwanya wa umbo la V. Paka anayejaribu kupita hapo huteleza na kubanwa kiuno, na wengi hufa. Paka wa Lamu, aliyezoea kupita kila tundu, hatasita. Daktari wa hapa alilisema hili kabla ya kumtazama paka mwenyewe. Madirisha yetu sasa yana vizuizi pembeni na wavu kwenye roshani. Yafungeni kabla paka hajatolewa kwenye mfuko.

Daktari huyohuyo amempa pasipoti ya wanyama ya Umoja wa Ulaya, maana sasa tunaishi hapa, na ameinakili chanjo ya Januari na majibu ya damu ndani yake.

Jumla ya tuliyotumia kabla ya kufika ni shilingi 108,000, ikiwamo 4,800 ya damu iliyoharibika na 18,500 ya kubadilisha tiketi. Bila hayo mawili ingekuwa 84,700. Nauli zetu sisi za ndege hazimo kwenye hesabu hiyo, wala vizuizi vya madirisha.

Kinachofuata ni chanjo ya kurudia, kabla ya 25 Januari 2026. Tumeweka miadi ya Desemba.